Pazia la Maneno Manne

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa mbele za watu, ukainuka ukajipangusa vumbi ukaendelea na safari, na kuna aibu ya kudarizisha ujinga wako mwenyewe kwa uzi wa dhahabu kwenye mahameli ya buluu, ukautundika ukutani, kisha ukasimama pembeni ukitabasamu huku watu thelathini wanausoma. Yangu ni hii ya pili. Naisimulia leo kwa mdomo wangu kwa sababu wenzangu tuliokuwa nao Guangzhou, kule China, wameshaitia chumvi mpaka imekuwa chungu (eti nilizimia, sikuzimia, nilikimbia, na kukimbia ni jambo lingine).

Mwaka tisini na nane nilikuwa nanunua vitambaa pale Zhongda, soko kubwa la vitambaa la mji ule, na kuvisafirisha Dar na Arusha. Nilipanga chumba pamoja na Mwanaidi, mfanyabiashara mwenzangu wa Kariakoo, mwanamke wa swala tano na ulimi usio na breki. Mimi mama yangu alizaliwa Arusha na wazazi Wayahudi waliotoka Yemen, akaolewa na baba, mwalimu wa Kipare asiyependa makelele ya dini yoyote, kwa hiyo sisi watoto tulikua tukijua mambo matatu tu: nguruwe haliwi, Jumamosi biashara haifanywi, na Ijumaa jua likikaribia kuzama mama anawasha mishumaa miwili jikoni, anafunika macho kwa viganja, ananong'ona. Ukimuuliza ananong'ona nini anakujibu, "Maneno ya bibi yako." Basi. Alikufa nayo, na mimi nikaamini kwamba yale maneno yalikuwa ya nyumbani kwetu tu, kama kila nyumba ilivyo na namna yake ya kukaanga kitunguu.

Sasa siku moja Zhongda, mama mmoja wa Kimoroko anayeitwa Simona, mume wake muuza viatu, alikuwa anagombania na mimi robota moja la lesi. Mwenye duka akatuambia mzigo mwingine unaingia Jumamosi, turudi. Mimi nikasema Jumamosi siji. Simona akauliza kwa Kiingereza chake cha kuimba, "Kwa nini Jumamosi huji?" Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu alikuwa Myahudi. Yule mama aliiachia lesi, akanishika mkono hapa, kwenye kifundo, kama polisi, akasema, "Ijumaa hii unakula kwangu. Ghorofa ya tisa."

Nikaenda. Nyumba ilikuwa ya kupanga kama zote, vigae vyeupe na feni ya dari, lakini sebuleni walikuwa wamejaa watu: Wafaransa, Waajemi, Wahindi wawili wa Bombay, wote Wayahudi, wote wafanyabiashara, wote wamevaa vizuri. Jua lilipokuwa linazama wanawake wakakusanyika mezani, Simona akawasha mishumaa, wakafunika macho, wakaanza kusema. Ndugu zangu, niliganda. Yalikuwa yale yale. Maneno ya bibi yangu, maneno ya jikoni kwetu Arusha, yanatoka kwenye midomo ya watu ambao sijawahi kuwaona, neno kwa neno, mpaka na pale mama alipokuwa anavuta pumzi. Nilifunika macho na mimi, si kwa ibada, ni kwa sababu machozi yalikuwa yanamwagika.

Hapo ndipo Simona aliponipa kitabu cha sala na kuniuliza swali dogo sana: "Unasoma Kiebrania?"

Nikajibu, "Kidogo."

Kidogo! Nilikuwa sijui hata kitabu chenyewe kinafunguliwa upande gani. Lakini nieleweni. Nilikuwa mweusi peke yangu mle ndani, nimeingia kwa kusema mama yangu alikuwa Myahudi, na nilihofu nikisema sijui hata herufi moja watatazamana, watasema ahaa, huyu amefuata samaki wa Simona. (Na samaki wenyewe, nisiseme uongo, walikuwa wa kufuatwa.) Tangu Ijumaa ile nikawa nafanya hivi: nasimama na kitabu, jirani yangu akifunua ukurasa nami nafunua, akipiga midomo nami napiga, akiinama nami nainama, nachelewa kidogo tu kama mwangwi.

Mwanaidi nilimsimulia. Yeye alihitimu chuoni Kurani yote angali msichana, akaniangalia kwa huruma kama unavyomwangalia mtu aliyenunua saa ya bandia. "Raheli, mwenye chuo humjua asiye na chuo. Waambie mapema, watakufundisha."

"Nitajifunza mwenyewe kimyakimya."

"Kimyakimya kwa nani? Kwa ukuta?"

Sikumsikiliza, na miezi ikapita. Nikawa mtu wa pale. Nikiumwa Simona analeta supu. Mzigo wangu ulipokwama bandarini, Mwajemi mmoja niliyemjua kwa salamu tu alipoteza siku nzima akinisaidia kujaza makaratasi. Na alikuwepo Mzee Eliya, ndiye aliyeongoza sala, mzee mwenye kikohozi na magoti mabovu, aliyekulia Nairobi enzi za wakoloni na bado alikuwa na Kiswahili chake cha zamani, kile kilichopinda kila mahali. Kila Ijumaa alinipokea mlangoni, "Mama Raheli! Habari gani? Iko muzuri?" na mimi moyo wangu unajaa, kwa sababu tangu nije China hapakuwa na mlango mwingine ambao mtu alikuwa anangoja niuingie.

Kusanyiko lile lilikuwa na gombo moja la Torati, dogo, la kusafiria. Walilihifadhi kwenye kabati la nguo la ukutani, na mbele yake walikuwa wametundika kitambaa cha meza chenye alama ya chuma cha pasi. Pasaka yao ilikuwa inakaribia, na msimu ule maonyesho ya biashara huleta wageni wengi mjini, basi Mzee Eliya akasema ni aibu wageni waione Torati nyuma ya kitambaa cha kulia chakula, ingefaa tupate pazia la heshima. Kabla hajafunga mdomo mimi nimeshasimama. Vitambaa ni kazi yangu! Mahameli nitatoa, mdarizi ninaye, niachieni mimi.

Mzee akafurahi mpaka akakohoa. Akachukua karatasi, akaandika mstari mmoja wa Kiebrania wa maneno manne, maana yake Nyumba ya Sala ya Wasafiri, akanipa. "Wewe nasoma, wewe najua kama iko sawa," akaniambia. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uzito kabisa, kama mtu anayekagua hati ya kiwanja.

Mwezi wa tatu Guangzhou hakukauki. Kuta zinatoa jasho, nguo ikikaa siku tatu kabatini inaota ukungu, na mvua haikuambii kwamba inakuja. Ilinikuta njiani kwenda kwa mdarizi. Nilipofika na kufungua mkoba, karatasi ya Mzee Eliya ilikuwa uji wa buluu. Hapakuwa na herufi hata moja.

Mtu mwenye akili angerudi, akasema, "Mzee, karatasi imelowa, niandikie nyingine." Jambo la dakika mbili! Lakini mimi nikawaza: atasema, kwani hukuyashika, maneno manne tu, na wewe unasoma? Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimeshavua zamani. Nikarudi chumbani nikitafuta maandishi ya Kiebrania, na macho yangu yakaangukia boksi la mkate usiotiwa chachu, ambao Simona alikuwa ametugawia kwa ajili ya Pasaka. Boksi zuri, limetoka Israeli kabisa. Ubavuni palikuwa na mstari mmoja, herufi nyeusi zilizonyooka. Nikahesabu maneno: manne! Nikasema moyoni, hili si bure. Karatasi ilikuwa na maneno manne, na huku manne. Mkate wenyewe ni wa ibada, hawawezi kuuandikia upuuzi. Likiwa si lile lile, basi litakuwa neno la baraka, na baraka haikatai kuwekwa popote.

Nikaukata ule ubavu kwa mkasi.

Mdarizi wangu aliitwa A-Fen, mama wa makamo mwenye cherehani moja na subira ya ajabu. Hakujua Kiebrania, na mimi sikujua, lakini yeye angalau hakujifanya anajua. Kila herufi aliinyooshea kidole na kuniuliza kwa mikono, hivi? Mkia huu uende juu au chini? Nami namjibu bila kusita, hivyo hivyo, hivyo hivyo. Siku kumi baadaye akanikunjulia kazi yake, na kwa kweli machozi yalinilenga. Mahameli ya buluu iliyoiva, herufi za dhahabu kubwa kama kiganja changu, pindo la fedha. Mwanaidi alipoliona aliguna kwa kulisifu, kisha akauliza, "Linasema nini?" Nikamwambia linasema Nyumba ya Sala ya Wasafiri. Akanitazama. "Una hakika?" Nikajifanya natafuta sindano.

Ijumaa ya kulitundika, kabla mishumaa haijawashwa, sebule ilijaa wageni wa maonyesho mpaka wengine wakasimama kwenye korido. Pazia nilikuwa nimeshalitundika mwenyewe na kulifunika kwa shuka, maana Simona alipenda mambo yafanywe kwa sherehe, na hakukubali hata yeye mwenyewe alione mapema. Nikaombwa niseme neno. Ningesema asante nikakaa. Lakini mimi, Raheli bint Ujuaji, nikatoa hotuba. Nikawaambia (kwa Kiingereza, mkono kifuani) kwamba siku zote kumi lilipokuwa likidariziwa nilikuwa nikiyatafakari maneno haya asubuhi na jioni, kwamba yamenigusa kuliko maneno yote niliyowahi kusoma, na kwamba natamani kila mmoja wetu ayafuate nyumbani kwake.

Simona akavuta shuka.

Kimya. Kimya kirefu, mpaka feni ikasikika. Nikadhani ni hisia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikaona mabega ya Mwajemi yanatikisika, nikasema moyoni, maskini, analia.

Kumbe mgeni mmoja, muuza vifungo, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa amesogea karibu na kuvaa miwani. Akasoma kwa sauti, akigusa kila neno kwa kidole, na kwa ajili ya wale wasiojua Kiebrania akatafsiri: "Hifadhi... mahali... pa baridi... pakavu."

Nyumba ikalipuka. Jamani! Watu walicheka wakashikana, mmoja wa Bombay akakaa chini sakafuni, na muuza vifungo akaongeza, "Na sisi tuyafuate nyumbani kwetu!" Simona alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini macho yake hayakucheka, yalinitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa yote, tangu ile "kidogo" ya siku ya kwanza.

Hapo ndipo nilipokimbia. Lifti sikuingoja. Nilishuka ngazi ghorofa tisa, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kisigino kilivunjika kwenye ya sita, nikatokea chini, mvua inamwagika, mwavuli umebaki juu, mkoba umebaki juu. Mlinzi wa jengo akanisogezea kigoda bila kuuliza. Nikakaa pale mlangoni nikilia. Kicheko chenyewe kilikuwa kimeshapita. Nilichokuwa nalilia ni ule mlango wa ghorofa ya tisa. Nilikuwa nimewapata watu wenye maneno ya mama yangu, nikawapoteza mwenyewe, na hata wa kumlaumu sina.

Sijui nilikaa muda gani. Giza lilikuwa limeanza kuingia niliposikia kikohozi ngazini. Kinakuja, kinatulia, kinakuja. Mzee Eliya akatokea, ameshika ukuta, uso umekuwa kama nyanya. Sabato ilikuwa imeshaingia, na yeye siku ya Sabato lifti hapandi. Alikuwa ameshuka ghorofa zote tisa kwa yale magoti.

"Mama Raheli," akasema, akihema. "Kwa nini wewe nakimbia?"

"Sijui kusoma, mzee. Sijawahi kujua. Niliwadanganya."

"Mimi kwisha jua zamani."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Wewe nashika kitabu kichwa chini." Akacheka, akakohoa, akakaa kwenye ngazi karibu nami. "Mimi nafikiri, yeye tasema siku yake. Miezi nakwisha, hapana sema. Mimi naogopa kuuliza, pengine wewe naona haya, pengine hapana rudi. Sasa hii makosa ya nani? Wewe na mimi, sawasawa."

Nikamwambia watu walicheka. Akasema ndiyo, walicheka, jambo lilichekesha. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo, nami nalieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kidogo kuliko chake: miaka saba amekaa mji huu, watu wanakuja, wanasali, wanakula, wanapanda ndege, wengi wanasoma upesi kama maji na hawajui wanachosoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitazama lile kabati akaona aibu ya kitambaa cha meza. "Wewe hapana jua herufi," akamalizia, "lakini wewe naleta pazia. Sasa simama. Mimi hapana weza panda peke yangu."

Tukapanda. Mimi na kiatu kimoja, yeye na magoti yake, kila ghorofa tunapumzika. Kwenye mapumziko ya kwanza akakunja vidole akanionyesha umbo la herufi ya kwanza, kwenye ya pili akanionyesha nyingine. Kufika ya tano pumzi zikamwishia, na masomo yakafungwa hapo, tukabaki kupanda tu.

Nilipoingia nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sebule haikuwa inanitazama mimi. Wote walikuwa mbele ya kabati, na muuza vifungo ndiye aliyekuwa katikati, hana mzaha tena usoni. Baada ya mimi kuondoka, akanieleza Simona, yule bwana aliendelea na utani wake. Akasema, "Basi tuhakikishe kama ni pakavu kweli," akapitisha mkono ndani ya kabati, mkono ukatoka umelowa. Ukuta wa nyuma ulikuwa ubavu wa bafu. Bomba lilikuwa likivuja taratibu, pengine wiki nyingi, ubao wa nyuma umekuwa laini kama mkate, na ukungu ulikuwa umeshafika kwenye vazi la gombo. Gombo lenyewe, Mzee Eliya alipolikagua, lilikuwa zima. Labda lingedumu siku chache tu zaidi.

Wakalihamishia chumbani kwa Simona, juu ya meza iliyo mbali na kuta zote. Watu thelathini wakasimama wakati linapitishwa, wengine wakiligusa kwa ncha za vidole. Mahali pa baridi, pakavu. Muuza vifungo akanijia, kofia mkononi, akasema, "Mama, samahani. Pazia lako lilijua kuliko sisi." Nikamwambia hapana, bwana, lisinitetee, maneno yake niliyakata kwenye boksi la mkate kwa mkasi. Nikageuka nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba sijui kusoma, sijawahi kujua, na nawaomba radhi. Hakuna aliyeshangaa. Kumbe nusu yao walikuwa wanajua! Simona akanikumbatia na kunilaza kichwa begani kwake, akasema, "Jumapili, saa nne, njoo na daftari. Na ukisema 'kidogo' tena nitakupiga."

Jumatatu nilirudi kwa A-Fen kuagiza pazia la pili, safari hii na karatasi ya Mzee Eliya imefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Akaogopa kwamba amekosea kazi. Nikamweleza kwa mikono na kwa maneno machache tuliyokuwa nayo, nikamwigizia boksi, nikamwigizia watu wakisoma, mpaka akaelewa, akacheka akalala juu ya cherehani. Mwanaidi, kwa upande wake, hakucheka siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikalisha kitandani, akaanza kunisuka nywele, akasema tu, "Afadhali. Sasa utapumzika."

Basi mimi nimejiapia, na ninyi mlionizunguka hapa ni mashahidi wangu: nisichokijua nitakitaja kwa jina lake, sijui, hata mbele ya watu mia, hata mbele ya mtoto, kabla hakijaniota ukungu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na ghorofa tisa, na nimeipanda kwa mguu mtupu.

Na msinionee huruma sana. Mwaka ule ule, ilipofika sikukuu yao ya vibanda, Mzee Eliya aliniomba nisome baraka moja fupi mezani, mistari miwili tu. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole chini ya kila herufi. Kwenye neno la tatu nilikwama muda mrefu mno, nikainua macho nikitafuta wa kunisaidia. Hakuna aliyenisaidia, wala aliyekohoa, hata Mzee Eliya, ambaye kukohoa ilikuwa ndiyo kawaida yake. Walingoja tu, vijiko vimelala mezani. Nikarudi kwenye lile neno, nikalipata, nikaenda mpaka mwisho, wakaitikia Amina kwa pamoja. Supu ilikuwa imepoa kabisa, na tukainywa hivyo hivyo.